Jicho Walilokupa

Uskoti, Jumapili mchana

Dada yangu Rehema,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye mvua isiyojua kukoma. U hali gani? Mgongo wa Mama umepoa? Na Zuhura wako, bado anakataa uji usio na sukari? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo hauko mahali pake na sitakuficha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu utanikatiza, utacheka, utasema, "Wachana na hiyo maneno, Saidi," nami nitaachana nayo kama nilivyofanya miaka yote.

Asubuhi nasoma, mchana naosha glasi katika mkahawa karibu na chuo. Umeniuliza mara nyingi nasomea nini hasa, nikakwepa. Nasomea sifa za vitu. Glasi huvunjika ikianguka, sivyo? Sasa ifunge kwenye pamba, iweke kabatini hadi kiyama, isianguke kamwe. Bado ni kitu cha kuvunjika? Niliandika kurasa nyingi kusema ndiyo, sifa ile imo ndani yake hata isipojionyesha. Walinisifu, nikajiona msomi kweli kweli.

Mwezi uliopita mwalimu wangu, mama mmoja mpole asiyejali soksi zake zikiwa za rangi mbili, akaniuliza: "Na mtu akisema kitu fulani kina nguvu iliyojificha, kumbe hakina, kitu hicho kitajitetea vipi?" Nilifungua mdomo nijibu, nikakuona wewe.

Unaikumbuka siku ile uani kwetu Otonglo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi. Mama alikuwa anachoma vyungu, nawe ukasimama karibu na moto ukitazama kwa furaha. Mara vikaanza, pa! pa! Vikapasuka karibu vyote. Shangazi Mwanaidi, dada ya Baba, alikuwa amekuja kuchukua mtungi wake. Akakutazama, akasema, "Huyu yuko na jicho ya nyanya yake. Ni ile ile." Mama amezaliwa Asembo, amekua akiogopa sihoho, hilo jicho linaloharibu kinachotazamwa, chungu motoni au mtu anayekula, hata mwenyewe asipotaka. Hakuuliza la pili. Tangu siku hiyo hukukaribia moto.

Dada, ni mimi.

Mama alinituma nipange vile vilivyokauka tu. Alitufundisha wote wawili kuweka shavu kwenye chungu: ukisikia baridi, bado kina maji ndani. Niliweka shavu kwenye vile vya nyuma ya ukuta, nikasikia baridi. Lakini wenzangu walikuwa wananiita mpirani, nikavichomeka katikati ya vingine nikaondoka. Chungu kibichi kikiingia motoni hupasuka na kupasua majirani zake. Nilijua. Niliporudi nilisimama pale nikasikia ukipewa jicho, nikanyamaza.

Nalifikiria pia lile la Shangazi, "ni ile ile". Nyanya alikufa kabla wewe hujazaliwa. Kitu kimoja kinakaaje ndani ya watu wawili, mmoja kaburini na mwingine jikoni? Wekundu wa pilipili na wekundu wa damu ni kitu kimoja au viwili? Huku wasomi wamegombania jambo hilo karne nyingi hawajaelewana. Shangazi alilimaliza akiwa amebeba mtungi.

Juzi nilimpigia Mama nikamweleza yote. Unajua alinijibu nini?

"Wuoda, mwanangu, wewe uko na roho safi. Unataka kubebea dadako hiyo kitu. Lakini hiyo kitu iko."

Nikamwambia, "Mama, tangu siku ile ameharibu chungu gani?"

"Si hakaribiangi! Na hata akikaribia, inaweza lala. Kulala si kuisha."

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za mkahawa, nikalia kama mtoto. Vyungu vikipona, jicho limelala. Vikipasuka, limeamka. Hakuna mlango wa kutokea, dada. Na mimi, niliyekuingiza humo, nimetumia miaka mitatu kuandika kwamba kitu kinaweza kuwa na sifa maisha yake yote bila kuionyesha. Mama angesoma kurasa zangu angenishukuru. Sijaandika mstari tangu hapo, na sioni nitaandika nini. Nimekata tamaa na elimu yangu, na mimi mwenyewe najichukia.

Lakini kinachoniua ni ujumbe wako wa wiki iliyopita. Kwamba vyungu viwili vimepasuka Zuhura akiwa uani, Mama akasema mtoto asikaribie moto tena. Halafu ukaongeza, kama unayenipa habari za kununua sabuni, "Nimeanza kumfundisha kuangalia chini." Nikakumbuka alipozaliwa, nilipokuja kuwapa hongera. Ulikuwa unamnyonyesha huku umegeuza uso ukutani. Mimi nikadhani umechoka.

Kumbe na wewe uliamini.

Sikuombi msamaha, kwa maana hiyo itakuwa kazi nyingine ninayokutwika. Naomba jambo moja tu. Siku Mama atakapochoma tena, uende mapema na Zuhura, muweke shavu kwenye kila chungu, yeye na wewe. Kisha moto ukiwaka msimame pale pale mtazame. Mama atapiga kelele, mwache apige. Siwezi kukuahidi kwamba vyote vitapona, maana hata kikavu hupasuka wakati mwingine, na najua watasema nini.

Nisalimie Mama, mwambie sijamkasirikia. Nisalimie shemeji Hassan, baba Zuhura, aliyekuoa akijua wanayosema na bado anakula ukimtazama. Shangazi Mwanaidi msalimie ukitaka.

Na Zuhura umwambie ainue uso. Chungu kikipasuka mbele yake, umwambie hicho ni cha mjomba.

Mdogo wako,
Saidi