Jani Lililofungwa Fundo

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima. Sabuni imeadimika, tunafulia maji matupu, lakini ninakula na ninalala.

Nina jambo, na nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Unajua kazi yangu katika ofisi ya kata ni kuandika barua za utambulisho. Siku hizi asiye na barua anapakiwa kwenye lori na kurudishwa kijijini kwao. Jumanne aliingia mzee mmoja mwenye ukungu machoni, nami nikamwamkia bila kuinua uso.

"Usiniamkie, Ndeshi," akasema kwa Kichaga.

Nikaijua sauti. Alikuwa Mzee Makundi, jirani yetu, yule aliyechoma nyumba yetu kwa ugomvi wa mpaka, mdogo wangu Eliya akiwa amelala ndani. Ametoka jela, sasa anabeba mizigo hapa jirani, mtaa wa Gerezani.

Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: "Nani anakufahamu hapa mjini?"

"Wewe tu."

Mama, sikuhitaji kufanya lolote. Ningeweka kalamu chini, na lori lingemshusha karibu na mlango wa kaka Aminieli. Unajua kaka aliapa nini kwenye kaburi la Eliya. Niliyawaza hayo kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha.

Akafunua gazeti, akatoa jani lililofungwa fundo, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Bwana Shomari, karani mwenzangu, akacheka. "Mzee, hapa hatufugi mbuzi."

"Ni isale," mzee akaniambia mimi. "Muuza dawa wa sokoni amesema limetoka Moshi."

Halikuwa isale. Lilikuwa jani la muwa, na macho yake hayaoni tena tofauti. Wewe ulinifundisha kwamba aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa msamaha. Kwa jani la muwa sikufungwa na kitu. Ningeweza kulitupa pale pale, na mila isingenidai.

Nililipokea. Nikaandika: "Ninamfahamu mzee huyu tangu utoto wangu." Habari ya muwa sikumwambia. Alilia. Mimi sikulia, wala sijioni mwema. Bado nikinusa moshi natoka nje mbio. Ila sitaki tena mtu mwingine afe kwa ajili ya Eliya.

Nimesamehe sehemu yangu tu. Yako sijaigusa, wala ya kaka. Nimekuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa watu.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na mke wa kaka. Kaka nitamwandikia barua yake peke yake.

Mzee anataka kuja kwako. Akija atachuma isale kwenye yale masale yaliyopandwa mpakani, na hilo litakuwa jani la kweli, nawe hutaweza kukataa. Kwa hiyo nimemwambia asikanyage huko mpaka wewe mwenyewe umwite. Usipomwita, nitaelewa.

Mwanao,
Ndeshi