Kasuku Waliopanda Kutoka Nyika

Gare,
Lushoto.
16 Oktoba 1974

Mpendwa mwanangu Efrazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua shikamoo yako iko njiani, nami naiitikia hapa hapa, marahaba mwanangu. Hujambo? Kifua kilichokuwa kinakubana kwa vumbi la pamba kimepoa? Huko kiwandani Mwanza bado wanakuweka zamu ya usiku? Uwe unajifunika.

Sisi huku tunasukuma siku. Baba yako Paskali hajambo, ila goti la kushoto ni lile lile. Mdogo wako Marta hajambo sasa, alitapika siku mbili akapona. Majirani, Mbaraka na mkewe Hadija, hawajambo, na karatasi hii kanipa Hadija. Mbuzi amezaa, kitoto kimoja kimekufa. Mwanao Klara nitamfikia. Usiruke mistari, mwanangu, soma pole pole, maana nami nikikimbilia kwake nitatupa kalamu.

Mvua zimetutupa tena. Tunakula unga wa njano wa msaada, watu wanauita Yanga. Huko chini nyika ya Mnazi ni vumbi tupu, hata ndege wameihama. Ndiyo sababu kasuku wamepanda mpaka bustanini kwetu, jambo sijaliona tangu niolewe hapa. Walikuta mti wa plamu umechanua, wakaujaza, wa kijani wote, na madume yana matumbo rangi ya chungwa. Klara alikuwa anashinda pale chini. Akasema, "Bibi, hawa wamekula machungwa bila bibi kuwafunga kitambaa kifuani!" Baba yako akamwambia, "Mke wangu, waangalie tu, usije ukanidai gauni kama lile."

Sasa nisikilize. Jumanne ya wiki iliyopita tulipanda mahindi shamba la kijiji. Mbegu zilikuwa nyekundu kwa dawa, bwana shamba akatuonya, hizi haziliwi. Mimi nikafunga konzi mbili kwenye pindo la kanga, nizipande nyuma ya nyumba. Ni mali ya kijiji, najua. Sikumwambia mtu, hata baba yako. Manyunyu yalizilowesha, basi Jumatano asubuhi nikazianika kwenye ungo huko bustanini, nikaenda shamba.

Jioni nikakuta kasuku watano chini ya mti, wamekufa. Usiku wa kuamkia siku hiyo ukungu ulikuwa mzito na baridi kali. Baba yako akasema, "Ndege wa nyika hawa, baridi ya mlimani imewamaliza." Nami nikaona ndivyo. Nyama hatujaionja tangu Pasaka, Efrazia. Nikawanyonyoa, nikawapika. Ungo niliuingiza ndani giza limeshaanza, sikuutazama.

Firigisi ni za baba mwenye nyumba, wajua. Lakini baba yako alizisukuma zote kwa Klara, akacheka, "Leo mwenye nyumba ni mke wangu." Mimi sikula, nyama ilikuwa kidogo, nikawaachia. Sahani hazijaoshwa, degedege likamshika mtoto. Marta naye akaanza kutapika. Baba yako akabaki naye, Mbaraka akambeba Klara mgongoni mpaka hospitali, mimi nyuma yake.

Daktari akauliza amekula nini. Nikasema ugali na mchicha. Wallahi sijui kwa nini, kiapo hiki nimekipata kwa Hadija, Mungu anisamehe. Ndege niliona aibu kuwataja. Alhamisi nilirudi kuchukua nguo, nikaona ungo. Mbegu zimebaki nusu, na kinyesi cha ndege juu yake. Nilijua pale pale, kasuku waliuawa na dawa ya mbegu zangu. Na bado nilinyamaza mpaka Jumamosi, mwanangu, kwa kuogopa kuitwa mwizi wa mbegu za kijiji. Mtoto anakakamaa mbele yangu, nami nimenyamaza.

Jumamosi nilimwambia daktari yote. Akaniangalia, akasema, "Mama, ungesema siku ile ya kwanza." Akabadilisha dawa. Hakuuliza mbegu zilitoka wapi. Baba yako ndiye aliyeuliza. Nilipomjibu akasema, "Mama Efrazia, hata mimi ulinificha?" Tangu siku hiyo hajaniita jina. Kesho nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kusema mwenyewe.

Degedege limekoma tangu Jumapili. Macho anafungua, lakini hatutambui, na miguu haimshiki. Daktari hasemi atapona wala hasemi hatapona, anasema tumlishe, tungoje. Uji anameza. Marta ndiye anamlisha. Mimi nikishika kijiko nakirudisha bakulini, naona ni mkono ule ule uliompikia ndege.

Omba ruhusa uje. Msalimie mwenye nyumba wako na Sista wa parokiani, waambie wamwombee mtoto. Baba yako na mdogo wako wanakusalimu sana. Mungu akufunike njiani, na barua hii ikukute una nguvu.

Ulimwacha mtoto kwangu ukaniambia, "Mama, kwako sina wasiwasi." Sitakuomba unisamehe kwa karatasi. Ila kabla hujafika tuma telegramu upesi, kwa jina langu, neno moja linatosha. Andika mlishe, nami nitashika kijiko, au andika usimlishe, nimwachie Marta.

Mama yako, ambaye kupenda hakujamwishia,
Secilia