Gari Lililolala na Jina la Bienvenu

Garaji ya Kashebere,
Walikale,
9 Novemba 2021

Mpendwa kaka Noël,

Pokea salamu za nyumbani. Baridi ya Namur inakutendeaje? Mgongo umepona? Na shemeji Astrid na watoto hawajambo, bado wanasalimia kwa Kiswahili, ama siku hizi ni Kifaransa tu? Sisi tupo. Goti linamsumbua Mama, lakini Jumapili alikwenda misa kwa miguu yake na kurudi akilalamikia urefu wa mahubiri, basi ujue ni mzima. Mimi nimechoka, kaka. Nimechoka hadi kushika kalamu ni kazi.

Mvua haikatiki. Maharagwe ya upande wa Masisi yameozea shambani, na barabara ya Mpofi imekuwa uji.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningejificha. Mtandao ungekatika nami ningeshukuru. Habari ni ya gari.

Unajua lililala mwezi wa tisa, tumbo chini. Gari hilo ulilotutumia halina resori za chuma za kulibeba kama magari tuliyoyazoea; linakaa juu ya mifuko ya hewa, na kompresa ya umeme ndiyo inayoijaza. Nilikuta fizibo ya kulinda umeme wake imeungua, nikaweka nyingine. Rele, ile swichi inayoiwasha kompresa, ilikuwa nyeusi, nikaibadilisha pia. Baada ya siku mbili ikaungua tena. Ndipo nikaitazama kompresa, nikaiona kuukuu, nikakuambia maneno yale: kwamba hii siyo ya kwanza, kuna mtu ameibadilisha na kuiuza ile nzuri. Nilijua namsema nani. Dereva ni mmoja tu, Bienvenu, mume wa dada yetu Falone.

Ukakasirika, ukamwita mwizi, na simu ilikuwa kwenye sauti kubwa uani kwa Mama. Watoto wawili wa Bienvenu walikuwa pale wakimenya mihogo. Bienvenu mwenyewe alikuwa amesimama hapo. Aliweka funguo juu ya kiti, na asubuhi akaenda Rubaya kubeba mizigo ya madini ya koltani mgongoni. Falone amerudi kwa Mama na watoto. Mimi haniongeleshi. Ananiwekea chakula na kuondoka.

Wiki tatu nimelala chini ya gari lile. Mwishowe niliiunga kompresa moja kwa moja na betri, nayo ikapuliza vizuri kabisa, na ukuukuu wake. Kama kompresa ni nzima, basi kuna kitu kinachoilazimisha kufanya kazi bila kupumzika mpaka rele inaungua. Nikashika kipima umeme, nikafuata nyaya moja moja hadi kwenye kapta, kile kidude chenye mkono mdogo karibu na gurudumu, kinachoambia gari kama liko juu ama chini. Nikainua gari kwa jeki, nikalishusha. Namba kwenye kipimo haikusogea. Nikachukua maji na bisibisi, nikabandua tope lililoshikamana pale. Ndani yake nikakuta ule mkono umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Kaka, niliufunga mimi. Mwezi wa nane tulikwama njia ya Mpofi, Bienvenu kwenye usukani na mama mjamzito nyuma. Nikaingia chini nikaufunga, ili gari lidhani liko chini, lijiinue lipite. Unatujua sisi: kila kitu tunafunga kwa mpira, kuanzia mzigo wa baiskeli hadi mlango wa choo. Likainuka, tukapita, yule mama akajifungua salama Masisi, na mimi nikasifiwa. Kuufungua nikasahau. Hata fundo nililitambua, nalizungusha mara tatu.

Nimeukata ule mpira na kuweka rele mpya. Siku ya nne leo, gari limesimama na halijashuka. Watu wanakuja kunipongeza, nami naingia ndani.

Nilimtumia Bienvenu ujumbe kwa mchuuzi anayepanda Rubaya, kwamba arudi, gari limepona. Alijibu hivi: "Muambie shemeji, mi sina shida ya gari. Akuye aseme mbele ya batoto yangu, juu njo bale balisikia." Watoto ndio waliosikia, basi mbele yao ndipo niseme.

Jana nilimweleza Falone yote. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. Alisema tu: "Ulikula naye myaka kenda, Darius. Haukumuuliza hata mara moya." Ni kweli. Rele niliipima mara ngapi, lakini yeye sikumuuliza. Naona aibu, kaka, na aibu hii hainiachi hata nikilala.

Kesho naenda Rubaya kumfuata. Asipokubali kurudi nami, nitasema hata kama hayupo. Na wewe usimtumie zawadi. Piga simu Jumapili baada ya misa. Nitaiweka kwenye sauti kubwa, uani pale pale, watoto wakiwa wamekaa. Nitaanza mimi, kwamba fundo ni langu. Halafu wewe uwaambie baba yao si mwizi, na uliseme jina lake.

Nisalimie shemeji Astrid, na watoto wenu Honoré na Victorine usiwasahau. Mama anakubariki, anasema uvae vizuri kifuani. Mungu akulinde huko, na sisi huku atusamehe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuomba radhi,

Darius