Tumbo Alilolijua Mama

Jumapili, 12 Januari 2025

Emily, yule mtaalamu wa lishe, ameniagiza niandike kila kitu ninachotia mdomoni. Akanipa na daftari. Leo: chai ya maziwa vikombe viwili, chapati tatu — haya, nne. Basi, ya Emily yameisha. Yake nitamwandikia kwenye karatasi nyingine. Daftari lenyewe ni zuri mno kwa hesabu ya chapati, nalichukua mimi.

Kilo mia moja sitini na tatu. Mzani wa kliniki ya hapa mjini Machakos ulikataa, ukaonyesha herufi badala ya namba. Ikabidi wa hospitali kubwa. Umri miaka hamsini na mbili. Sukari, presha, magoti. Nikilala pumzi inakatika, Mutindi ananipiga kiwiko ndipo narudi duniani. Ndoa ni kusaidiana.

Daktari hakuzunguka. Ati nikiendelea hivi sina miaka mingi. Tarehe ni 11 Machi, Nairobi. Watakata sehemu kubwa ya tumbo waache kipande kama ndizi. Nikamuuliza ndizi ya kupika au ya kuiva. Hakucheka. Labda huulizwa kila siku.

Ijumaa, 24 Januari 2025

Kazini. Mimi hufundisha watu kuendesha gari. Nikiketi kiti changu cha kushoto gari linainama kushoto, na wanafunzi wangu wote, miaka kumi na minane niliyofundisha, wamezoea kuvuta usukani kulia kidogo. Hidaya, yule mama wa duka la vitambaa, aliniambia leo kwamba akipita mtihani itabidi ajifunze upya na gari lililonyooka. Nikamwambia akanyage klachi aache maneno.

Sijamwambia habari ya kukatwa. Anajua Mutindi peke yake. Imebaki Mama.

Jumapili, 2 Februari 2025

Nimetoka Muthetheni kwa Mama. Nilienda kumwambia. Sikumwambia.

Anasahau. Jina la Mutindi limeenda. Kasiva — binti ya dada yake, mjane, ndiye anakaa naye — kuna asubuhi anamuuliza amekuja kuomba nini. Lakini mimi! Nikiketi kile kiti cha wageni kinalia, na hata akiwa jikoni anajua ni nani amefika. Anakuja, ananipiga tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Musili wangu. Hili nalijua, nililijaza mwenyewe."

Ni kweli alilijaza. Alinilea peke yake, akipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kuuza siku za soko. Aliniweka juu ya kreti mbele ya sufuria, watu waone mtoto wa hapa anavyokaa, wanunue. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Bango.

Jina nimeitwa la baba yake Mama, Musili wa kule Katelembo, mchonga mawe. Sikuwahi kumwona. Picha yake iko kwa mkebe wa Mama: mtu mwembamba kama mpini wa jembe, mashavu yameingia. Mama husema kwake nilichukua jina tu, mwili nikamwachia. Nikiwa mdogo nikiuliza mbona hatuendi kwa babu, alikuwa ananiongezea chakula.

Nimemwambia naenda kozi Nairobi, wiki kadhaa. Akasema huko nisikubali kupimiwa chakula.

Alhamisi, 27 Februari 2025

Siku ya kwanza ya vinywaji tu. Karibu wiki mbili, ili ini lipungue, daktari apate njia. Mchuzi uliochujwa. Maji. Mchuzi. Nimepita mbele ya kibanda cha mandazi kama mtu anayepita nyumba ya mpenzi wa zamani.

Jumapili, 9 Machi 2025

Siku hii nitaikumbuka vibaya.

Nilienda kumuaga. Nikamkuta ana akili yake yote. Yote! Akamuulizia Mutindi kwa jina. Akauliza kama bado nafundisha wale wasichana wanaoogopa lori. Alikuwa amepika mwenyewe, muthokoi na maharagwe, sahani yangu ile ya bluu, imejaa mpaka juu.

Na mimi ni vinywaji tu.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa pale, mzima, angeelewa, angelia kidogo kisha aniombee. Nikasema tumbo limechafuka. Aliiangalia sahani, akaniangalia mimi. Miaka hamsini na mbili sijawahi kurudisha chakula chake. Akachukua sahani nyingine akafunikia ile, polepole.

"Utakula ukirudi."

Mutindi ameniuliza kama nilimwambia. Nimesema alikuwa amechoka.

Jumanne, 11 Machi 2025

Wadi. Gauni la hospitali halifungi nyuma. Wamenivalisha soksi za kubana, nesi wawili, kama watu wanaovalisha gunia. Mutindi ameshika miwani yangu. Nimemwambia nikifa aseme nilikuwa kwa kozi. Amenifinya.

Wamekuja na kitanda.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Niko. Uchungu begani — ati ni hewa waliyojaza tumboni. Kijiko kimoja cha maji. Nangoja. Kijiko kingine. Natembea hadi dirishani na kurudi. Sindano ya tumbo, damu isigande.

Sina njaa. Ajabu yake! Nimeitafuta kama mtu aliyepoteza funguo.

Jumapili, 30 Machi 2025

Nyumbani. Kilo kumi na nne zimeenda, sijui zimeenda wapi.

Safari ya Muthetheni bado nimekatazwa. Kasiva amepiga simu. Mama kila jioni anapakua sahani ya bluu, anaifunika, anaiweka juu ya kabati. Asubuhi anaikuta na kumuuliza Kasiva mbona Musili hakula. Nikaomba nizungumze naye. Alishika simu akaikoholea, akairudisha.

Leo nimekula uji vijiko sita. Cha saba nikatapika.

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimeenda. Kilo mia moja thelathini na tatu. Mutindi alinichagulia shati linalonitosha, nikapanda ile njia ya kwa Mama bila kusimama hata mara moja. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilitaka aone.

Nikaketi. Kiti hakikulia. Mama alikuwa jikoni na hakutoka. Nikamwita. Akaja, akanisalimu vizuri, salamu ya mgeni, akaniuliza natoka upande gani. Nikasema mwaitu, mama yangu, ni mimi. Nikachukua mikono yake nikaiweka tumboni pangu. Ilishuka yenyewe. Hapakuwa na kitu cha kushika.

Aliomba radhi kwamba nyumba haina chakula cha wageni. Kuna sahani moja tu, akasema, na hiyo ni ya mtoto wake. Yuko kozi.

Jumapili, 6 Julai 2025

Leo nimefanya upuzi mkubwa. Niuandike, nicheke mbele ya safari.

Wazo ni langu, ufundi ni wa Mutindi. Alinifunga mto tumboni kwa leso, juu yake lile koti la zamani. Tukajitazama kwenye kioo. Musili mzee, uso tu ndio haukukubali. Njia nzima kwenda Muthetheni nimeendesha nikiwa nimeukumbatia usukani kama zamani.

Nikaketi kwa kishindo, kusudi. Mama akaja. Akanyoosha mikono miwili. Moyo wangu! Akapapasa. Akapapasa tena. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akauvuta ule mto hadi ukatoka, akaupanguza vumbi, akaniambia asante kwa kumrudishia. Akaenda kuulalia.

Kasiva alikimbilia nje. Nilidhani anacheka. Nilipomfuata nikamkuta amejifunika uso.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Kilo mia na kumi na moja. Sukari imeshuka, daktari amenipunguzia dawa. Ngozi inaning'inia kama nguo ya kuazima. Nywele zinatoka. Kinyozi anauliza kwa upole kama niko sawa, na nasikia watu wanasema mimi ni mgonjwa wa kile wasichotaja. Wengine wanasema Mutindi ndiye ananimaliza. Maskini Mutindi, anayenichemshia yai moja na kunitazama nikilimaliza kwa dakika thelathini.

Hidaya alipita mtihani zamani. Leo amepita kunisalimu na gari lake, akanifungulia mlango wa kushoto niketi. Halikuinama. Akasema sasa ameamini, barabara haikuwa na shida, ni mwalimu aliyeinamisha gari. Nikacheka sana. Nilipofika nyumbani nikakaa chooni mpaka machozi yakaisha.

Nitaishi. Ndivyo wanavyosema wote. Nami nataka kuishi, sisemi uongo. Ila kuna mtu mmoja anayengoja yule mwingine.

Jumapili, 2 Novemba 2025

Kitu kipya, na ni kibaya.

Nilipoingia Mama alikuwa anachambua mbegu. Akainua uso. Akashtuka, mbegu zikamwagika, akasimama, akavuta leso akajifunika kifua kama msichana. Akarudi nyuma hadi ukutani.

"Nau," akasema. Baba.

Kasiva alienda kwa mkebe, akaleta ile picha, akaishika kando ya uso wangu. Mashavu yameingia, sikio limesimama vile vile. Kumbe babu alikuwa ndani yangu muda huu wote, amefunikwa na muthokoi.

Nikamwambia Mama mimi si baba yake, mimi ni Musili, mwanawe. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyojibana ukutani. Ikabidi nitoke.

Nje, Kasiva akanieleza. Alisikia kwa mama yake, alidhani najua. Babu alimfukuza Mama akiwa na mimba yangu. Alisema hatamtazama mtoto asiye na baba. Nilipofika miezi sita Mama aliniogesha, akanipaka mafuta, akanibeba hadi Katelembo. Aliketi uani tangu asubuhi hadi jua likageuka. Yule mzee hakutoka ndani. Mama akarudi Muthetheni, akaanza kupika. Kila aliyepita sokoni akielekea Katelembo alionyeshwa mtoto juu ya kreti, akamwambie Musili mchonga mawe jinsi alivyomwona.

Hivyo bango halikuwa la wateja.

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mutindi anasema nisiende kwa muda, namtisha mgonjwa. Nimesema nitaenda mara moja zaidi. Nataka aniite jina langu. Mara moja tu, aniite akijua ni mimi, kisha asahau anavyotaka.

Jumapili, 16 Novemba 2025

Naandika nikiwa kwake, kwenye kiti cha wageni, daftari gotini. Mikono inataka kazi.

Mvua ilinyesha alfajiri. Kasiva ameshuka shambani kupanda maharagwe, amesema nikihitaji niite. Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga: mimi ni Musili, nilikatwa tumbo, nilikuficha, unisamehe. Nimeyarudia toka Machakos.

Mama alikuwa mlangoni amevaa leso mpya. Aliponiona hakurudi nyuma. Alipiga magoti. Mtu wa miaka sabini na tatu, kwenye sakafu ya simiti. Nikamshika mkono ainuke, akakataa.

"Nau, bado umenikasirikia?"

Maneno yangu yote yakaenda. Niliona tu lile jua la Katelembo likigeuka, na yeye uani, na mimi nimepakwa mafuta.

Nikasema, "Hapana. Iliisha."

Alinitazama sana. Machozi hayakutoka, labda yalikwisha miaka ile.

"Mtoto nimempa jina lako," akasema. "Anakula vizuri. Hana shida yoyote. Utamtazama tu, hata usipomshika?"

"Mlete nimwone."

Akasimama bila kusaidiwa. Ati ningoje kidogo, amwogeshe kwanza, nisije nikamwona na vumbi. Alichukua beseni, akachukua kopo la mafuta, akaingia chumba cha ndani. Nasikia maji. Anaimba kidogo. Ule wimbo naujua, ni wangu.

Amenyamaza sasa. Nasikia kitanda kikisogezwa. Blanketi zinakung'utwa. Anatafuta.

Anaita.

"Musili!"

Miezi minane sijalisikia kinywani mwake. Anaita kwa sauti ile ya sokoni, ya kuniambia nije nile kabla sufuria haijaisha. "Musili! Musili, njoo, babu amekuja!"

Nikiitika, babu ameondoka tena. Nikinyamaza, mtoto amepotea, na yeye ndiye aliyempoteza.

Sauti imeanza kukatika. Beseni limeanguka, maji yanakuja chini ya mlango, yamefika kwenye viatu vyangu. Anaita.

Nimesimama. Kiti hakikulia.