Muhuri Uliofutika Mlimani

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumanne, tarehe 19 Novemba,
saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto. Vipi mgongo? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kama ngozi mbichi imekusaidia, au umeiacha nusu chupa kama kawaida yako? Na wifi, kikohozi kimemtoka? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi, kwa hiyo ujue ana nguvu. Mimi ni mzima, isipokuwa ukucha mmoja wa mguu wa kulia ulioanza kuwa mweusi tarehe 28 Oktoba na kung'oka tarehe 9 mwezi huu. Sasa hauumi.

Nimeshakusalimu, kwa hiyo nitasema. Barua yako niliipokea tarehe 12, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mlangoni. Umeandika kwamba Shangazi amekupigia simu, amekwambia nilikata njia kwenye mbio za msituni, nimeivua nyumba nguo, na kwamba wewe unaona ni afadhali niombe radhi yaishe. Kaka, yaishe nini? Kitu ambacho hakikuanza kinaishaje? Niliiweka barua kabatini nikaenda kazini, na siku hiyo nilihesabu masanduku ya chaki ya shule mara tatu, kila mara nikapata jibu tofauti. Tangu nianze kazi ya stoo jambo hilo halijanitokea.

Sasa nitakueleza kama ilivyo kwenye daftari langu, kwa tarehe, maana Shangazi alikueleza kama alivyosikia kwa fundi cherehani, na fundi cherehani hakuwepo.

Mbio zilikuwa Jumapili tarehe 27 Oktoba. Unaujua ule msitu wa misonobari nyuma ya mji, wenye vilima viwili. Unapanda kilima cha kwanza, unashuka, unapanda cha pili ambacho ni kirefu, juu kuna kibanda cha mbao, unageuka pale na kuteremka upande wa kijito hadi uwanjani. Kwa kuwa njia ina matawi mengi ya kukata, klabu yetu ina utaratibu wake: kibandani anakaa mtu mwenye muhuri, anakugonga nyuma ya mkono. Ukifika chini bila alama, hukufika juu. Mwanamke wa kwanza hadi wa nne ndio wanaokwenda kuiwakilisha klabu kwenye mbio za kupokezana za milimani, tarehe moja Desemba. Mimi nina miaka arobaini na mitatu, Kaka. Nimejaribu kuingia kwenye wale wanne kwa miaka mitano, na mara zote nimekuwa wa sita au wa saba.

Mvua ilianza saa moja kabla hatujaondoka. Haikuwa ya kutisha, ilikuwa ile isiyo na haraka, inayonyesha kana kwamba imelipiwa kutwa. Kufika kilima cha kwanza kila kiatu changu kilikuwa na uzito wa tofali. Udongo wa pale ukilowa unashika mguu, ukiuvuta unakuachia kwa sauti ya aibu. Mizizi imetandaa njiani, imelainika kama sabuni. Kwenye kilima cha pili watu waliacha kukimbia, wakawa wanapanda kwa mikono wakishika vichaka, na mbele yangu mwalimu wa hesabu wa shuleni kwetu alikuwa anapiga hatua moja juu na kuteleza mbili chini, anacheka peke yake. Nilifika kibandani nikiwa wa tano kwa wanawake. Fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa na muhuri, alikuwa amejifunika turubai hadi puani. Nikanyoosha mkono, akagonga, nikageuka.

Na hapo, Kaka, ndipo inapokuhusu wewe.

Wenzangu wote walishuka kwa miguu, wakishikashika miti, kila mmoja amekaza magoti kama anayeshuka ngazi na sinia la vikombe. Mimi nilishuka kama ulivyonifundisha wewe tulipokuwa tukitumwa kuni. Unakumbuka ulivyokuwa unaniambia? "Keti, acha mlima ufanye kazi." Nikaketi. Makalio kwenye tope, miguu mbele, viganja viwili ubavuni ndiyo usukani na ndiyo breki. Nikawapita watatu. Nesi mrefu, ambaye ndiye tishio la klabu nzima, nilimpita akiwa amekumbatia mti kama mtu aliyeonana na nduguye. Akapiga kelele, "We mama, utaumia!" Sikuumia. Chini nikaosha mikono kijitoni kwa sababu sikuweza hata kupangusa macho, nikakimbia uwanjani. Nikawa wa pili.

Katibu wa klabu alikuwa amesimama mwishoni chini ya mwavuli, buti zake safi kama zimetoka dukani asubuhi ile. Akasema, "Mkono." Nikatoa mkono. Haukuwa na kitu. Akaugeuza, akaangalia na wa pili. "Muhuri uko wapi?"

"Umebaki kwenye mteremko," nikasema. "Nimeshuka kwa kukaa."

Akasubiri nesi afike, akamwuliza saa yake ilisema nini kibandani. "Toka kibandani mpaka hapa umemzidi nesi dakika nne. Dakika nne hazipatikani kwenye mteremko ule, dada. Labda uwe jiwe."

Watu wakacheka. Nikageuka nikawaonyesha suruali nyuma, haikuwa na nyuma tena. Wakacheka zaidi, lakini hakuna aliyesema neno la kunisaidia. Na fundi viatu aliposhuka akaulizwa kama aliniona juu, alijibu nini? "Mimi niligonga mikono, sikugonga nyuso." Hakuandika namba ya mtu yeyote, ati daftari lililowa. Sasa sikiliza. Tarehe 6 Oktoba, kwenye kikao, mimi mwenyewe nilisimama nikasema msimamizi wa kibandani apewe penseli na kipande cha kadibodi, kwa sababu penseli inaandika hata kwenye maji, stoo tunafanya hivyo mwaka mzima. Nilisema pia kwamba wino wa muhuri ule ni wa ofisini kwa Katibu, ni wa karatasi, hautakaa kwenye ngozi. Katibu alinijibu mbele za watu: "Hizi ni mbio, bibie, si stoo." Nimeiandika siku hiyo hiyo.

Kesho yake kwenye ubao wa klabu, pale mlangoni ambapo hata wauza mboga wanasoma, ikabandikwa karatasi: nimeondolewa kwa kukata njia. Na mimi nikaletewa karatasi nyingine, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi tu. Inasema kwamba mimi nakiri kuwa, kwa kupitiwa, nilifupisha njia, na naomba radhi kwa kamati. Nikitia sahihi kabla ya tarehe 16, narudishiwa nafasi yangu. Kwa kupitiwa! Mtu anapitiwa akasahau chumvi. Anapitiwaje akasahau kilima?

Hiyo ndiyo radhi uliyoniambia niombe. Ulikuwa unaijua ilivyoandikwa? Hukuijua. Hukuuliza. Dunia nzima ni mtu mmoja tu anayejua ninavyoshuka mlima, na huyo mtu ndiye aliyechukua kalamu akaniambia yaishe. Katibu simlaumu sana, yeye hakutumwa kuni na mimi. Hata Mama, ambaye hajawahi kuona mbio, aliifua ile suruali maji matatu, akainyanyua mwangani na kusema, "Hii haikupita njia ya mkato. Hii imepita tumboni mwa kitu." Akaniuliza kama ulishapata habari. Nilishindwa kumwambia ulichoandika.

Tarehe 16 ilipita sikutia sahihi. Badala yake nilimpelekea Katibu barua ya mistari minne: Jumapili nitashuka tena, aje na saa yake. Nilidhani hatakuja. Alikuja, tena na watu, maana fundi cherehani alishautangazia mtaa. Mvua ilikuwa ile ile, tope limezidi. Nesi mrefu alipanda na mimi hadi kibandani, kwa hiari yake, na ndiye aliyenigonga muhuri, ule ule na wino ule ule, akaukandamiza kwa nguvu kama anayechoma sindano. Njiani aliniambia, "Dada, mimi siku ile nilikuona ukinipita. Nilidhani mti umeanguka. Waliponiuliza nilisema sijui ni nani, na kweli sikujua, ulikuwa tope tupu." Nilikasirika kidogo, kisha nikaacha. Angalau yeye alikuja.

Nesi akapuliza filimbi ili Katibu aanze kuhesabu huko chini, nikaketi, nikashuka. Nilipotokea kijitoni nikasikia fundi viatu anapiga kelele, "Jiwe limefika!" Katibu alitazama saa, akaitikisa, akaipeleka sikioni. Alikuwa na hesabu ya nesi ya siku ile, na mimi nilikuwa nimeishinda kwa dakika nne na nusu. Akauchukua mkono wangu bila kuambiwa. Haukuwa na alama hata ya kusingizia. Nikamwachia autazame kwa muda aliotaka.

Unadhani hapo ndipo ilipokwisha? Jana asubuhi nikapita klabu nikakuta ubaoni karatasi mpya: kamati, baada ya kutafakari, imenisamehe na kunirudisha kwenye timu. Imenisamehe, Kaka! Niliing'oa na pini zake zote nne, nikaingia nayo ofisini, nikaiweka mezani kwake. Nikamwambia sitakimbia chini ya karatasi hii. Akasema, "Sasa unataka nini tena? Nafasi si umepata? Ukikataa nampa wa tano." Wa nne ni mpishi wa hoteli, mwanamke mkimya kuliko wote, alikuwa amekaa kwenye benchi anafunga kamba za viatu. Bila kuinua kichwa akasema, "Huyo wa tano itabidi umtafutie na wenzake watatu." Nesi naye, aliyekuwa mlangoni, akatoa namba yake ya kifuani akaiweka juu ya ile karatasi. Mwenzetu aliyebaki, yule aliyekuwa wa kwanza, hakuwepo, lakini mchana alituma neno kwamba naye yumo.

Katibu aliisukuma kando ile karatasi. Kisha akavuta nyingine akaandika kwa mkono, mbele yetu. Nimeinakili: "Mwanachama wetu alifika kibandani tarehe 27 Oktoba na alishuka kwa njia halali. Kamati ilikosea. Muhuri wetu haufai kwa mvua." Ikabandikwa saa kumi jioni. Mpishi ndiye aliyebonyeza pini.

Kwa hiyo mtaani nimeshasafishwa. Nyumbani bado. Shangazi hasomi ubao wa klabu, na mimi akiniona ananiambia kwa huruma, "Hata kaka yako amesema uombe radhi." Hilo mimi siwezi kuliondoa, umelisema wewe na utaliondoa wewe. Mpigie. Mwambie kwa mdomo wako jinsi tulivyokuwa tunashuka na kuni, na nani alimfundisha nani. Usimwambie kwamba yameisha. Mwambie kwamba ulikosea.

Msalimie wifi, nasubiri habari za kikohozi chake. Wasalimie watoto, na yule mkubwa mwambie asikaze magoti kwenye mteremko. Mama anakusalimu, na mwalimu wa hesabu pia. Shangazi ni wewe utakayemsalimu safari hii, ukimaliza kumweleza. Mungu akulinde, akunyooshe mgongo, na akupe mdomo mwepesi kwenye simu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nilivyokasirika.