Msimuulize Tena Baba Jina

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi kifua, na huo mguu unaokusumbua ukipanda ngazi za kanisani? Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku Ujerumani imeninyima hata hamu ya kuoga, usimwambie shangazi.

Mama, simu ya Jumapili imenikosesha raha wiki nzima. Ulimpa baba simu ukasema, "Haya, tuambie, huyu anayeongea ni nani?" Akaanza, "Huyu ni... huyu..." Nikasikia wageni wanacheka, na mmoja akisema, "Mzee kaisha huyu." Kisha baba akasema taratibu, "Nisameheni." Baba yangu! Mtu ambaye nyuki wa Urambo nzima hawakuwahi kumtoa mbio, leo anaomba radhi kwa kusahau jina la mtoto wake.

Najua hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo tulivyo: mgeni akiingia kwa mzee, hata hajakaa, "Unanikumbuka? Mimi nani?" Tangu baba apate kiharusi, kila hodi imekuwa mtihani. Kaka Yohana ameniambia sasa akiisikia anajifunika shuka usoni.

Basi nikueleze kazi yangu, uache kuwaambia watu nafuga nyuki Ulaya. Tunachunguza jinsi nyuki anavyojifunza harufu. Namweka kwenye kijibomba, kichwa kikiwa nje, nampulizia harufu ya karafuu, halafu namgusisha maji ya sukari, naye anatoa ulimi. Nikirudia mara chache, karafuu peke yake inatosha: ulimi huo nje! Ubongo wake ni kama punje ya ulezi, na kesho yake bado anakumbuka. Lakini harufu nyingine nikiifuatisha na kitu kichungu kama mwarobaini, hilo nalo analishika. Akiinusa tu, anauficha ulimi.

Juzi nyuki mmoja aliponifanyia hivyo nilimkumbuka baba na shuka lake, nikalia mbele ya wenzangu. Mtu si nyuki, najua, na siahidi kwamba atapona. Ila baba hajaacha kujifunza, mama. Sisi ndio tumemfundisha kuogopa hodi.

Tafadhali, wageni waanze kwa kujitaja. "Shikamoo baba, mimi Leokadia, binti yako." Kisha mpeni uji au kijiko cha asali, mzungumze habari za mvua. Asiulizwe majina.

Na wewe najua unachosubiri: walau mara moja alitaje jina lako. Jambo hilo linakuuma, na mimi linaniuma kwa ajili yako. Lakini Yohana anasema ukienda sokoni baba anashika fimbo yake, anapita chumba hadi chumba, hatulii mpaka urudi. Mama, mtu hamtafuti hivyo asiyemjua.

Nisalimie Yohana na mkewe, shangazi, na katekista wetu anayemletea baba komunyo.

Baba mwambie Leokadia anamwamkia. Akiuliza ni nani huyo, mwambie tena.

Mwanao akupendaye,
Leokadia