Kadi Mbili Mkononi Mwangu

Shoga, mchunguzi wa ajali ya meli amepiga simu sasa hivi.

Eti kumbukumbu zao zinaonyesha mume wangu alihudhuria zoezi la usalama. Eti alijua boti yake ya kuokolea iko wapi.

Hakuhudhuria. Alikuwa kajilaza. "Nenda na kadi yangu ya abiria, mke wangu. Meli kubwa kama mtaa izame vipi?" Nikacheka. Nikapitisha kadi mbili kwenye mashine ya mahudhurio. Mbili, shoga.

Simu ilipoingia, mama mkwe alikuwa kando yangu, anasikia yote kwenye spika. Akashusha pumzi, mara ya kwanza tangu mazishi. "Afadhali. Mwanangu alijua pa kukimbilia."

Mchunguzi akauliza, "Tuandike hivyo?"

Mama ananitazama.

Nikasema waandike.